"Jiji lilimmeza" ni istiari au tashihisi? Binti yangu amekatwa maksi

Mama_Kayole (mwanzisha uzi)
Hamjambo humu. Nina binti kidato cha tatu. Ijumaa amerudi na karatasi ya fasihi. Kuna kifungu cha hadithi, halafu swali: taja na ueleze tamathali ya usemi katika sentensi iliyopigiwa mstari. Alama mbili. Sentensi yenyewe: *Jiji lilimmeza.* Yeye aliandika "istiari, kwa sababu jiji limefanywa chatu bila kutumia kama". Mwalimu amempiga kosa na kalamu nyekundu, pembeni ameandika neno moja tu: tashihisi. Sifuri kwa mbili.

Mimi fasihi niliiacha 1998, siku hizi nauza mitumba Gikomba. Lakini nimeirudia hiyo sentensi nikipanga nguo asubuhi nzima na kila nikiisoma namwona chatu. Nani yuko sawa? Nataka Jumatatu nikifika shuleni niwe na la kusema.

Mwalimu_Mstaafu
Mama, pole, lakini mwalimu yuko sawa. Nimefundisha somo hili miaka mingi kabla ya kustaafu. Tashihisi ni kukipa kisicho na uhai sifa za chenye uhai. Jiji halina mdomo wala koo. Likimeza, limepewa uhai. Kwisha. Istiari ingekuwa "jiji ni chatu", vitu viwili vimetajwa na kimoja kimegeuzwa kingine. Katika sentensi ya binti yako, chatu yuko wapi? Yuko kichwani mwake.

Makanga_125
Na kichwani mwa mamake. Mimi pia nimemwona, sasa ni watatu.

Kalamu_ya_Kijani
@Mwalimu_Mstaafu shikamoo, lakini hapo umebana. Mimi kazi yangu ni kusahihisha miswada, na neno hili limenisumbua muda. Tashihisi imetoka kwa Kiarabu, tashkhis, na ndani yake kuna *shakhsi*, yaani mtu. Linalotolewa pale ni utu. "Njaa ilibisha hodi", hapo kuna mtu, nyoka habishi hodi. "Upepo ulimnong'oneza", mtu tena. Lakini kumeza? Kuku humeza. Papa humeza. Kama ni uhai tu, kuna neno uhaishaji, litumike hilo.

Tena istiari kwa asili yake ni kuazima. Jiji limeazima koo la mnyama. Mkopo ni mkopo hata kama aliyekopesha hajatajwa jina.

Mwalimu_Mstaafu
@Kalamu_ya_Kijani marahaba. Darasani tashihisi na uhaishaji ni kitu kimoja, mwanafunzi akiandika lolote kati ya hayo anapata. Na nikikubali hoja yako ya mkopo, basi tashihisi yote itakuwa istiari, kwa sababu hata njaa inayobisha hodi imeazima mkono wa mtu. Utabaki na sanduku moja kubwa na kila kitu ndani.

Kalamu_ya_Kijani
Ndiyo. Tashihisi ni mtoto wa istiari. Sasa mtu akikuonyesha mtoto, wewe umwambie "huyu si wa ukoo huu"? Alama moja angalau alistahili.

Mama_Kayole
Ahsante, hiyo ya mtoto na ukoo nimeiandika mahali.

Dada_wa_Arusha
Nyie Wakenya mnanichekesha. Mimi niko Ngara mwaka wa saba sasa. Kwetu tulisoma *sitiari*, na tashbihi yenu, ile ya kulinganisha kwa "kama", sisi ni *tashibiha*. Nilipokuja nilikuwa nafundisha mtoto wa jirani jioni, nikamwandikia "sitiari" kwenye daftari. Kesho yake akarudi nayo imekatwa, mwalimu wake ameandika "tahajia". Mimi, nimezaliwa kwa Kiswahili, nimekosea tahajia! Nilinyamaza, nikampikia chapati, akaenda zake.

Makanga_125
Dada kuuliza si ujinga, hiyo *kisengere nyuma* nilisikia shuleni mpaka nikatoka sikuielewa. Ni nini?

Dada_wa_Arusha
Hadithi inarudi nyuma kueleza yaliyopita. Wengine hapa wanaiita mbinu rejeshi. Neno lenyewe ni kutembea kinyumenyume.

Makanga_125
Ala. Hiyo ni gari yetu ikikuta polisi mbele Bomas.

Bin_Mwalimu
Mimi naona nyote mmepotea. Hiyo si tamathali tena, ni msemo tu wa kawaida. Bei imepanda: kuna mtu anaona bei ikikwea ngazi? Simu imekufa. Jua limezama. Mguu wa meza. Maneno yakitumiwa sana, picha inafutika kama sura kwenye sarafu ya zamani. Watu wamesema jiji limemeza vijana tangu babu zetu wanashuka kwenye treni. Ni nahau.

Kalamu_ya_Kijani
@Bin_Mwalimu nakubali kuhusu bei na simu. Lakini kwa nahau picha imekufa kwa kila mtu. Hapa binti amemwona chatu, mamake amemwona, makanga amemwona. Picha haijafa.

Na wewe mwenyewe umesema "kama sura kwenye sarafu". Hiyo tunaijua bila kubishana, nakupa alama mbili.

Fupi_Nene
Ni chuku. Mtu mzima hawezi kumezwa na jiji.

Mwalimu_Mstaafu
@Fupi_Nene chuku ni kupita kiasi. "Alilia machozi yakajaa ndoo." Kulia kupo, kilichozidi ni kiasi. Kumezwa na jiji hakuna kiasi, hakuna kumezwa kidogo.

Mlamu_South_B
Salaam. Nimesoma toka juu nikitabasamu, maana mnapigania nguo za kuazima na wenye nguo wamekaa kimya.

Istiari, tashihisi, majazi, takriri, kinaya, balagha: yote yametoka kwa Waarabu, na njiani yamebadilika sura. Tazameni kinaya. Sisi tunafundisha kinaya ni kinyume cha mambo. Katika balagha yao, yaani elimu yao ya ufasaha, kinaya ni kulizunguka jambo bila kulitaja. Mfano wao maarufu ni wa kumsifu mtu kwamba *ana majivu mengi*. Maana yake mkarimu: moto wa kwake hauzimi, sufuria haishuki, wageni hawaishi, basi majivu hujaa. Hakuna kinyume hapo hata chembe. Na majazi kwao ni lugha yote isiyo ya *hakika*, yaani isiyo ya maana ya moja kwa moja. Sisi tumeyapunguza yakawa jina la mhusika linalolingana na tabia yake, tajiri wa hadithini akiitwa Bwana Pato.

Kwa hiyo mkiwauliza wenyewe, "jiji lilimmeza" ni majazi, nayo majazi ni nyumba yenye vyumba vingi.

Dada_wa_Arusha
Hiyo ya majivu imenikamata. Nyanya yangu angependa kuitwa hivyo.

Boda_Umoja
Na *kitu kidogo* ni nini basi? Wiki jana nimesimamishwa na askari karibu na roundabauti. Amezunguka pikipiki mara mbili kimya, amegusa kioo, amegusa taa, halafu akaniambia, akitazama upande mwingine, "Sasa wewe, huna kitu kidogo?" Nikatoa mia. Akaiangalia kama mtu ameona mdudu kwenye chai. Kitu kidogo kilikuwa elfu moja.

Mwalimu_Mstaafu
Tasfida. Ni kulipunguzia jambo la aibu makali yake. Kama kusema "amekwenda haja", au "ameaga dunia".

Kalamu_ya_Kijani
Ni kinaya pia (cha Kenya, si cha majivu), kwa sababu hakikuwa kidogo.

Mlamu_South_B
Na kwa wale wa majivu, ni kinaya hasa! Amelizunguka jambo, hata macho ameyazungusha.

Makanga_125
Askari mmoja amefaulu fasihi kuliko sisi wote.

Halafu nami mnisaidie. Juzi jam ya Lang'ata, tumefika Rongai saa nne usiku. Mama mmoja akashuka, akanishika mkono, akasema, "Asante kijana kwa kunifikisha mapema." Kinaya au kejeli?

Kalamu_ya_Kijani
Kejeli, alikukusudia wewe. Kinaya ni hali: fundi wa kufuli kufungiwa nje ya nyumba yake. Hakuna anayemcheka kwa makusudi, ni mambo yenyewe yamejipindua.

Bin_Mwalimu
Kinaya cha maneno kipo pia, usitudanganye. Mtu akisema kinyume cha anachomaanisha, hicho ni kinaya, na kikiwa na sumu ndipo kinakuwa kejeli.

Kalamu_ya_Kijani
Sawa, hapo umenishika.

Mama_Kayole
Nimerudi, biashara ilikuwa nyingi. Binti ameniambia ninyi mnabishana na sentensi moja na kifungu kilikuwa kirefu. Nimemwambia anisomee, naandika:

*Jiji lilimmeza. Likamtafuna miaka saba, polepole, kuanzia mfukoni. Mwaka wa nane likamtema Muthurwa, bila viatu.*

Mwalimu_Mstaafu
Mama, hili ungelileta mwanzoni. Hapo sasa kuna jazanda. Picha moja imebebwa kutoka sentensi hadi sentensi: kumeza, kutafuna, kutema. Lakini swali lilikuwa la sentensi moja iliyopigiwa mstari, kwa hiyo nasimama na tashihisi.

Boda_Umoja
Ngoja. Limemmeza KABLA ya kumtafuna?

Makanga_125
😂😂😂 nilikuwa nangoja nani atasema

Boda_Umoja
Mtu hutafuna ndiyo ameze. Anayemeza kwanza halafu anatafuna polepole ni ng'ombe. Anacheua.

Kalamu_ya_Kijani
Boda, umetatua jambo bila kujua. Ikiwa jiji linacheua, si mtu. Utu umeondoka, tashihisi imeanguka. Kwa bahati mbaya chatu naye ameondoka, kwa sababu chatu hatafuni kabisa. Binti alistahili alama zake lakini kwa mnyama mwingine.

Mwalimu_Mstaafu
Mwandishi amekosea mpangilio tu. Msijenge nyumba juu ya kosa la mpangilio.

Dada_wa_Arusha
Au amekusudia! Mimi naona hivi: jiji linakumeza siku ya kwanza tu, unashuka kwenye basi, hujulikani. Huko ndani sasa ndiko linakotafuna, kodi, nauli, tokeni ya stima. "Kuanzia mfukoni" ameandika. Nilikaa Pipeline miezi mitano nikifika, mwenye nyumba alikuwa anapanda ngazi tarehe tano saa kumi na mbili asubuhi, funguo zake zikilia. Nilikuwa nikizisikia toka ghorofa ya pili, mimi niko ya sita, tumbo linaanza. Hiyo ni kucheuliwa kabisa.

Fupi_Nene
Ni taashira basi. Jiji ni ishara ya maisha.

Bin_Mwalimu
@Fupi_Nene wewe utataja zote mpaka moja ikubali.

Fupi_Nene
Ndivyo nilivyopita mtihani.

Mlamu_South_B
Nyinyi mnachambua, mimi nimetunga. Nimekaa kibarazani dakika ishirini:

*Nairobi umemeza, vijana kisha watema,*
*Kucha taa zaangaza, mchana jua lauma,*
*Mfuko umemaliza, na matumbo yanguruma,*
*Twakupenda, twakuwaza, jiji lisilo huruma.*

Nimelisemesha jiji kama mtu. Sasa @Kalamu_ya_Kijani niambie si tashihisi.

Kalamu_ya_Kijani
Ukilisemesha, utu umerudi, nakubali. Vina *za* na *ma* safi. Lakini "Nairobi" umeihesabu mizani minne, Na-i-ro-bi. Hapa mjini tunatamka tatu.

Mlamu_South_B
Mtamkavyo mjini si hoja ya mizani. *A* na *i* ni irabu mbili, kila moja na silabi yake. Hesabu tena, nane kwa nane, mishororo yote minne.

Boda_Umoja
Nimehesabu kwa vidole nikingoja mteja. Nane kwa nane kweli. Lakini mshororo wa pili, "mchana", ile *m* unahesabu peke yake?

Mlamu_South_B
Naam. M-cha-na, tatu. Ukipungukiwa unairefusha, *mja* unaandika *muja*, *afya* unaandika *afiya*. Hiyo ni mazida. Ukizidiwa unafinya, *nilokuja* badala ya *niliyekuja*, hiyo inkisari. Mshairi ana ruhusa.

Dada_wa_Arusha
Mtoto wangu wa jirani, huyohuyo wa sitiari, alitunga shairi la shindano la shule akaandika "afiya". Lilirudi na duara jekundu: tahajia. Nadhani huyo mwalimu ana kalamu moja na neno moja.

Bin_Mwalimu
Ndiyo maana mimi nasoma mashairi huru. Hizi hesabu za silabi zinamfunga mtu mikono. Mtu ana uchungu, wewe unamwambia apunguze silabi moja.

Mlamu_South_B
@Bin_Mwalimu mabishano hayo yalikuwa moto miaka ya 1970, wewe hujazaliwa. Nikujibu kwa mtu mmoja. Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 kwa sababu ya karatasi ya kisiasa, miaka mitatu, na huko ndani akawa anatunga na kuandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi yakatoka kitabuni 1973, vina na mizani vimekaa. Aliyefungwa kwelikweli hakulalamika kwamba vina vimemfunga.

Bin_Mwalimu
Huyo ni mmoja. Kwa kila mmoja wa hao kuna mia wanaoandika "mapenzi" mshororo wa kwanza na kulazimishwa kutafuta "enzi" na "kishenzi".

Mlamu_South_B
Hilo siwezi kukataa. Nimekuwa jaji wa mashindano.

Mwalimu_Mstaafu
Na tafadhali msichanganye shairi huru na guni. Huru limeamua kuacha vina. Guni limejaribu likashindwa. Wanafunzi huandika guni kisha wakiulizwa wanasema ni huru.

Makanga_125
Mimi nina moja ya bure haina ubishi. "Nairobi ni shamba la mawe." Istiari, ndiyo au hapana?

Mwalimu_Mstaafu
Ndiyo. Istiari safi. *Ni* ipo, vitu viwili vipo.

Kalamu_ya_Kijani
Ndiyo.

Dada_wa_Arusha
Sitiari.

Fupi_Nene
Lakabu.

Makanga_125
Fupi!!

Kalamu_ya_Kijani
Tumwachie, jina hilo watu hulitumia kama lakabu kweli. Mtu huuliza "uko wapi siku hizi?" unajibu "niko shamba la mawe". Neno moja, kazi mbili. Na jina lenyewe la Nairobi limetoka kwa Kimaasai, *Enkare Nyirobi*, maji baridi. Mtu akipita leo Gikomba kando ya mto, na jina hilo akilini...

Mama_Kayole
Kibanda changu kiko hatua thelathini kutoka mto huo. Ni kinaya, cha aina zote. Na harufu haina tasfida.

Bin_Mwalimu
Mama ameiva. Tumpe daftari asahihishe.

Mama_Kayole
Sasa habari ya leo. Nimefika shuleni saa mbili. Mwalimu ni kijana mpole, amenikaribisha kiti. Nimemwambia yote: kuazima, mtoto na ukoo, shakhsi, ng'ombe anayecheua. Hiyo ya ng'ombe alicheka mpaka mwalimu wa meza ya pili akageuka. Akasema hoja ni nzuri, ila yeye anafuata mwongozo, na darasa zima walioandika istiari ni kumi na wanne. Akimpa mmoja, inabidi afungue karatasi zote kumi na nne. Ameahidi kuuliza mkuu wa idara.

Njiani nikimwambia binti, akauliza, "Mama, na 'maksi zangu zimeliwa', hiyo ni tamathali gani?"

Mlamu_South_B
Mwambie hiyo si majazi. Ni hakika.

Mwalimu_Mstaafu
Kumi na wanne si wachache. Ningekuwa mkuu wa idara ningekaa na hilo. Bado nasema tashihisi.

Boda_Umoja
Mwalimu, hata baada ya kucheua?

Mwalimu_Mstaafu
Hata baada ya kucheua.

Mgeni_Juja
Uzi mrefu, sijasoma kurasa zote. Lakini kujibu swali la mwanzisha uzi: si hii ni tanakali, ile ya kuiga sauti?